Barua Iliyomrudisha Kaka Hamisi

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwaka wa tisini, kaka yangu Hamisi alipoingia mbio uani kwetu Nyamirambo, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, blanketi jipya begani, jasho mpaka kwenye soksi. Mama alikuwa anakunja sambusa.

"Hamisi! Nani amekufa?"

"Si wewe, mama? Barua imesema umelala huamki!"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nacheka hadi nashika tumbo.

Mwanangu, siku utakayojua kusoma haya usishangae kuitwa hivyo na mtu mwenye ndevu nne ambaye bado anapigishwa magoti na mwalimu. Mtoto wa kaka ni mwanangu. Baba yako alikuwa fundi cherehani Kampala. Huku kazi hakuna, na mshono wake ndio uliotulisha sote. Nilijua mtu akiitiwa mama mgonjwa haji mikono mitupu, nami nilitaka raba za kuchezea mpira. Nikaandika, nikampa dereva wa lori. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani alisikiliza methali darasani?

Baba yako alinifinya sikio, akacheka pia. "Shetani wewe! Jumanne narudi, nimeacha mke mwenye mimba ya miezi minane."

Jumatatu vita vikaanza mpakani, njia ikafungwa. Wiki ya pili askari wakamchukua, kwa kuwa ametoka Uganda, walikotokea waasi. Aliachiwa baada ya miezi mitano, hana karatasi za kusafiria, hana meno mawili.

Bibi yetu hakunipiga. Alisema tu: "Njaa ilimtoa, mama akamrudisha. Kamba hizo mbili hazichezewi, na wewe umemfunga nazo shingoni."

Miaka mitatu sasa, baba yako hajakuona. Mwezi jana ikafika barua ya mama yako kupitia Tanzania: amechoka kungoja, kodi ya nyumba imemshinda, yupo mtu wa kumwoa, anaomba talaka. Baba yako aliisoma, akamaliza kushona mfuko wa suruali ya watu, ndipo akaniita.

"Andika wewe. Barua zako hufika."

Nikaiandika talaka. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu ni wewe.

Sikiliza basi. Aliye mbali hana macho wala masikio, ana karatasi yako tu. Ukimwandikia, andika la kweli, hata kama la kweli ni kwamba unataka viatu. Na ukiitwa kwa ajili ya mama utakwenda, najua. Kila mtu huenda.

Sina dawa ya lililokwisha. Mungu akukuze, ampe huyo mume wa mama yako moyo wa kukuita mwanangu, na akuepushe kumchukia baba yako kwa kosa langu mimi.