Nyumba Aliyoinunua Mama

Dada yangu alipochaguliwa kwenda chuo kikuu Dar es Salaam, mabweni yalikuwa yamejaa. Nyumbani kwetu Kabungu wazazi wakajadiliana mpaka uji ukapoa.

"Tumpangie chumba, mama watoto," alisema baba. "Sisi watu wa ng'ombe, nyumba ya Dar ya nini?"

"Tulipohamia huku tulipanga kwa watu, tukafukuzwa nikiwa na mtoto mgongoni," mama akajibu. "Huyu hatafukuzwa akiwa na vitabu vyake mkononi. Tununue."

Baba akaenda zizini kuchagua ng'ombe wa kuuza.

Tangu tuhamie Kabungu, mama alikuwa hajawahi kuvuka Mpanda mjini. Tulipanda treni sisi watatu, mama, dada na mimi, na Dar nilimfuata mama kwa mshangao. Aligonga kuta kwa vidole, akaonja maji ya visima, akawauliza majirani mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Mwenye nyumba mmoja akamwuliza mumewe yuko wapi.

"Yuko na ng'ombe. Aliyekuja kununua ni mimi."

Akanunua nyumba ya vyumba viwili isiyo na dirisha hata moja. Madirisha yaliwekwa taratibu, na dada akawakaribisha wasichana wengine wawili waliokosa bweni.

Mwaka uliofuata mimi na mama tulimleta baba kuitazama. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akapiga hodi kama mgeni. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliingia polepole, akaushika ukuta kwa kiganja, akasema, "Kumbe ni kweli."