Vitoto vya Kidimbwini

Mwenye duka wa Kamuli, mtu wa pwani, hatulii kitini. Hupima chumvi, husimama, huchungulia njia ya ziwani, huku vidole vikichezea kofia yake ya Ijumaa. Kiangazi kile ziwa lilirudi nyuma, likaacha kidimbwi chenye vitoto vya samaki.

“Maji yakitoka hujaa tena,” akaniambia mimi, jirani yake. “Yatavifuata.”

Kesho yake kidimbwi kilikuwa moto, vitoto vinatweta juujuu. Mkewe Adija, mzaliwa wa huku, akamwambia taratibu, “Baba Mgeni, hiyo ni bahari yenu. Ziwa letu hungoja mvua.”

Mumewe alivua kofia, akachota vitoto, akakimbilia ziwani, maji yakivuja kwenye vitundu vya nakshi.

“Mzee, haitoshi hii,” akanililia.

Nikavua yangu.