Kapita Haana Bulamu

Mwaka jana nilikuwa Fomu ya Pili, na mudomo wangu ulikuwa mukubwa kuliko umri. Yaya, dada yangu wa kwanza, aliwekwa kapita, musimamizi wa banaume sita wa kupakia samaki makavu hapa Nchelenge. Kapita wa zamani alikuwa ameenda kutafuta kazi Copperbelt. Tajiri mwenye samaki alimupima yaya siku moja tu: kamyo, lori yake, ijae mbele ya saa sita, ao kazi irudi kwa mwanaume. Petroli ilikuwa ya shida, kamyo haingengoja mutu.

Asubuhi ile, kwa kuchekesha batu, niliambia bapakizi: "Musimwite kapita. Kapita ni mwanaume mwenye tumbo. Muite mulamu. Namuuzisha kwa mahari ya baiskeli mbili."

Nilijua vizuri ninachofanya. Mulamu ni shemeji. Unamutania, na amri yake haikutikisi.

Yaya akasema, "Tuanze na magunia ya huku."

"Mulamu, leta kwanza maji ninawe," akajibu mupakizi mwenye kofia ya majani.

"Na bukari yangu, ugali wangu wa juzi, iko wapi, mulamu?" akaongeza mwingine.

Bakaikalia magunia. Miye nilicheka mupaka nikaona dereva anafunga kamba za kamyo tupu, tayari kuondoka. Nikaenda huku, nikarudi huku. "Bon, basi, bakubwa zangu, imetosha, mumwite kapita." Hakuna aliyenigeukia. Mchezo haukuwa tena wangu.

Yaya hakugombana. Akakamata baiskeli ya mwenye kofia, akaitupa ndani ya kamyo. Ikafuata shati iliyotundikwa kwenye mti, kisha radio ya muzee mupakizi.

"Unafanya nini?" akalia mwenye kofia.

"Mulamu haombi. Bintu bya shemeji ni byake. Hamukufundishwa kwenu?"

"Lakini kamyo inaenda Mansa, mulamu."

"Na baiskeli itaona Mansa. Mulamu wenu hawezi kuishusha. Kapita, labda."

Muzee akasimama, akajitwika gunia. "Kapita, hii ikae mbele ao nyuma?"

"Nyuma."

Yaya akashusha baiskeli, shati na radio, na wengine bakafuata muzee, bakikimbia. Tajiri alifika kamyo imejaa, injini inawaka. Akaizunguka, akamwambia, "Kesho saa kumi na mbili, kapita."

Nikamurukia kwa furaha. "Yaya!"

Akanionyesha gunia moja iliyosahauliwa chini. "Umeita nani?"

"Kapita," nikasema, nikaiinamia.