Ufito Feki Uliowaka Ndani ya Tangi

Chuma tupu kilikuwa kinawaka ndani ya maji.

Narudia, chuma tupu. Hakina taa, hakina waya.

Mimi ni Kiprop. Bosi wangu, Trevor, anauza kamera za wakaguzi wa nyuklia hapa Doha. Fito za nyuklia, yaani vyuma virefu vyenye mafuta ya kinu, zikishatumika huhifadhiwa kwenye bwawa la maji, zinatoa mwanga hafifu. Kamera inaunasa, mkaguzi anajua zipi halisi, zipi feki.

Kwenye ukumbi wa hoteli tuliweka tangi lenye fito mbili za maonyesho. Mmoja una kitaa ndani kuigiza ule mwanga. Mwingine chuma tu.

Wateja wako njiani, na kamera inaonyesha zote zinawaka!

"Picha isipokaa sawa, unarudi kulinda geti Industrial Area," Trevor akanipasha.

Nikazima taa za ukumbi. Wapi! Nikafuta lenzi, nikaifuta tena. Nilitaka kulia.

Ndipo nikaiona taa ya kunasia nzi juu ya meza ya chakula. Mwanga wake wa zambarau, ule ule kamera inaoutafuta, unamulika tangi lote hadi chuma tupu kinaonekana kuwaka. Meza ni ya Hidaya, Mtanzania, mhudumu wa hoteli.

"Dada, zima hiyo kitu, inanimaliza!"

"Nizime? Nzi akitua kwenye samaki, supavaiza atanila nyama, kaka."

"Tafadhali, kidogo tu. Kazi yangu ndio inaenda hivyo."

Akaguna, akazima, akachukua kitambaa akawa anafukuza nzi mwenyewe.

Picha ikatoka safi. Wateja wakapiga makofi. Trevor akasema nabaki.

Kugeuka, namwona Hidaya mlangoni anavua aproni, machozi yanamtoka, supavaiza kasimama naye. Roho ikaniuma. Sikuuliza kitu, nikawavamia.

"Bosi, usimfukuze! Ni mimi nilimwambia azime taa ya nzi!"

Supavaiza akanigeukia.

"Kumbe ilizimwa? Wageni wakiwa wanakula?"

Akaenda moja kwa moja kunishtaki kwa Trevor. Jua halijazama, mimi niko getini.

Hidaya akanipigia.

"Kaka, nani alikwambia nafukuzwa? Nilikuwa napandishwa cheo, nahamia hoteli yao ya Al Wakrah. Yalikuwa machozi ya furaha! Sasa wamefuta kila kitu."

Akakata.

Ndugu zangu mlioko ughaibuni, ukimkuta mtu analia, muulize analilia nini kabla hujaanza kumtetea. Mimi nawaandikia kutoka getini, na Hidaya hapokei simu zangu.