Mikono ya Bi Mize wa Kojani

Nakumbuka vizuri asubuhi ile niliyomtoa Bi Mize chumbani. Ndiyo kwanza nimemaliza mafunzo ya ukunga, nimepelekwa Kojani, na gauni langu jeupe nimelipiga pasi hata kukaa naogopa. Bi Mize alikuwa mkunga wa jadi. Nusu ya watu wa kisiwa kile walizaliwa mikononi mwake. Mimi, mwanangu, nilikuwa na cheti na kiburi, na kiburi ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi.

Tuliitwa sote wawili kwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu. Bi Mize akapapasa tumbo, akapapasa tena.

"Huyu katanguliza makalio. Mwiteni nahodha sasa hivi, maji ya bahari yanatoka."

Maji yakishatoka, mashua haipiti, na hospitali iko ng'ambo.

Nikamwambia, "Bibi, hebu kakae barazani. Kazi hii ina wenyewe." Mola anisamehe! Nikapapasa harakaharaka, nikatangaza kichwa kiko chini.

Hakunigombeza. Alisimama mlangoni, akasema, "Mwanangu, mimi nikikosea nitaaibika tu. Wewe ukikosea tutazika wawili. Papasa tena."

Nikapapasa polepole. Juu kabisa, chini ya mbavu, mkono wangu ukakuta kitu kigumu cha mviringo. Salale, kichwa! Nilitoka mbio hadi pwani nikimwita nahodha, nikarudi na matope mpaka kiunoni. Kojani nzima ilinicheka, na haki yao. Tulivuka mashua ikikwaruza mchanga, na mtoto akazaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Tangu siku hiyo tulizalisha pamoja. Nilimfundisha kunawa kwa sabuni na kukata kitovu kwa wembe mpya. Yeye akanifundisha kupapasa bila pupa. Wakunga wa jadi walipoitwa mafunzoni, alikaa mbele kabisa akimsahihisha mwalimu!

Sasa kesho unaanza kazi Msuka. Umesoma kunishinda, na siku hizi mna mashine za kutazamia tumbo. Lakini bibi wa huko akiwa na neno, msikilize kwanza. Na ukikosea, sema nimekosea, upapase tena. Usione haya.

Mtoto yule wa makalio ndiye mama yako. Ningeshikilia ubishi wangu siku ile, leo nisingekuwa na wewe wa kumwambia haya. Nenda, mwanangu, Mwenyezi Mungu aitie baraka mikono yako.