Vibua Waliochaguliwa

Nilipoanza kazi ya kupima samaki wa bahari, sikuwa nimeiona bahari kwa macho yangu. Nilizaliwa Machakos, nikaolewa Buruburu, na kila asubuhi niliingia katika maabara ndogo ya serikali pembeni mwa Industrial Area. Mara moja kwa mwezi sanduku la vibua lilifika kwa treni kutoka Mombasa, samaki wamelala ndani ya barafu. Nilimlaza kila mmoja juu ya ubao wa kupimia, nikasoma urefu wake kutoka mdomoni hadi panda ya mkia, kisha nikampasua tumbo kuona kama ana mayai. Ubaridi wa barafu ulinipanda usoni. Moshi wa viwanda ulipita dirishani taratibu, nami nikajihisi niko chini ya maji, kundi zima likinizunguka kimya, likigeuka pamoja.

Mwaka mmoja samaki wakaanza kupungua ukubwa, mwezi baada ya mwezi. Mkubwa wangu, bwana mpole wa Nyeri, alichora mstari kwenye karatasi ya miraba. Ulishuka tu.

"Wakubwa wamekwisha," alisema. "Itabidi nipendekeze uvuvi usimamishwe."

Siku nzima niliiona ile bahari nisiyoijua ikiwa tupu, mwanga umeshuka hadi mchangani na hakuna kinachopita.

Jumamosi nilinunua vibua kwa mama muuza samaki wa mtaani kwetu. Nilipowashika tu, mikono yangu ilishtuka. Nikawapanga kwenye sinia, nikachukua rula ya shule ya binti yangu.

"Mama watoto, hata jikoni ni kazi ya serikali?" mume wangu akacheka.

"Hawa ni wakubwa kuliko wote niliowapima mwaka huu."

Nikarudi mbio kwa yule mama. "Hawa wanatoka wapi?"

"Mombasa. Kule siku hizi wanazidi kuchagua, dada. Wakubwa wanakuja sokoni. Wadogo sijui wanawapeleka wapi."

Mimi nilijua.

Jumatatu nilimweleza mkubwa wangu kwamba sanduku letu lilikuwa la mabaki. Aliutazama tena ule mstari wake unaoshuka.

"Nami ningewafungia watu kazi," akasema. Akafungua faili, akaanza kupiga mistari myekundu juu ya kurasa za mwaka mzima, zote kwa mwandiko wangu. Niliumia, lakini nikamsaidia kugeuza kurasa. Kisha akawaandikia watu wa Mombasa: watume kapu la kwanza linaloshuka mashuani, lisiguswe na mtu.

Sanduku lililofuata lilikuja na wakubwa kwa wadogo. Tulipima hivyo miezi mingi kabla hajathubutu kuandika ripoti. Haikusema samaki wamekwisha, wala haikusema wako salama. Iliomba nyavu zenye macho madogo zizuiwe wakati wa kutaga, na uvuvi uendelee. Ikakubaliwa. Jioni ile nilitembea hadi nyumbani polepole, gamba moja limenata kwenye kifundo cha mkono, sikulitoa.