Kidumu cha Fundi Usumani

Kila mteja wa Fundi Usumani, pale Nyamirambo, anaijua amri yake. Mtu akisimama kupimwa na kuvuta tumbo ndani, awe mkubwa awe mdogo, fundi hushusha futi na kungoja. "Achia tumbo," husema. "Ukidanganya futi, nguo itakusema mbele ya watu." Basi huachia, wengine kwa aibu, na nguo zao huwakaa vizuri.

Kwa mambo yake mwenyewe, mzee huyu ni mtu mwingine kabisa. Sahani haijatua mezani, mkono wake uko kwenye kopo la chumvi; aonje kwanza ya nini? Isombe, kisamvu cha huko, hunyunyiza, mshikaki hunyunyiza, hata parachichi halisalimiki. Ndivyo alivyokula baba yake, na ndivyo alivyokula mdogo wake Nasiri, ambaye mwaka jana aliinamia cherehani, mshipa wa kichwani ukapasuka, asiinuke tena. Tangu msiba huo Aidah, mke wa Usumani, hulala sikio wazi. Mumewe akikoroma, humshukuru Mungu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

Kwa hiyo watafiti wa magonjwa ya moyo na mishipa walipopita mtaani wakitafuta familia zenye misiba ya namna hiyo, Aidah alimwandikisha mumewe kabla hajamaliza kusema hapana. Akaja muuguzi Winifred, aliyekulia Mwanza. Akampima presha, akaikuta juu, akamwelekeza kliniki akaanze dawa. Usumani akailaumu milima ya Kigali, akaulaumu na ulimi wa Aidah. Kisha Winifred akamkabidhi kidumu cheupe.

"Mzee, siku nitakayokwambia, mkojo wako wote wa mchana na usiku uingie humu. Chumvi anayokula mtu hutokea huko, nasi tunataka kujua kama ndiyo inayowaangusha. Ule kama siku zote, tafadhali."

Hilo la mwisho Usumani alilisikia vizuri sana. Lakini babu yake alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, na katika ukoo wao mgeni hutandikiwa mkeka mpya, haonyeshwi ule uliochanika. Basi naye akautayarisha mkojo wake kama sebule. Siku mbili mfululizo, hadi kidumu kilipojaa, alikula muhogo wa kuchemsha bila chembe ya chumvi, akiutafuna kwa uso wa matanga. Aidah akadhani mume hatimaye ametubu.

Majibu yalipotoka, Winifred alikuja nyumbani akiwa amekunja uso.

"Mzee, chumvi yako ni ndogo kuliko ya majirani wote. Mtu mmoja hatoshi kuamua, lakini kwa ukoo wenu huenda tukatafuta sababu kwingine."

"Aidah, umesikia?" Usumani akapaza sauti. "Chumvi haiko na kosa!"

Jioni hiyo kopo lilirudi mezani kwa heshima zote. Binti yao Kaze, aliyeiacha chumvi tangu siku waliyomzika baba yake mdogo, akalivuta kwake, akanyunyiza kabla ya kuonja. Usumani akautazama mkono ule, akamwona Nasiri. Akalirudisha tonge sahanini. Aliogopa, na alijua anachokiogopa, lakini aibu ilimfunga mdomo.

Wiki iliyofuata Winifred alileta kitenge dukani, ashonewe gauni la harusi ya rafiki yake. Akasimama wima, akavuta tumbo.

Usumani akashusha futi. "Achia tumbo, binti yangu. Ukidanganya futi..."

Winifred, pumzi bado ameibana, akauliza, "Vipi, Mzee?"

Fundi akakaa kwenye kigoda. "Ule mkojo niliupamba," akasema. "Siku mbili nilikula bila chumvi, ili mimi niwapokee vizuri. Sasa Kaze anakula chumvi sababu yangu. Ile kitu iliua Nasiri, kama ni hiyo, mimi ndiye nimemurudishia kwa sahani."

Winifred akaachia pumzi, na tumbo nalo likatoka. Alitaka kucheka, akajizuia. "Tutapima upya. Ila Kaze umwambie wewe mwenyewe, leo."

"Leta kidumu ingine," Usumani akasema. Akainuka, akapima kiuno. Kilikuwa kimeongezeka tangu tumbo liachiwe, wala hakumtania.

Jioni alilichukua kopo mkononi mwa Kaze kabla halijainama. "Nilidanganya," akamwambia. "Watafiti hawajajua bado ni nini inatumaliza, na mimi nimewapoteza njia."

Kaze akaila sahani yake hivyo hivyo, bila kunyunyiza.

Siku ya kidumu cha pili Usumani alinyunyiza chumvi kama zamani, maana ndivyo alivyoagizwa, Aidah akimtazama huku ameuma mdomo. Kesho yake kopo likahamia dukani. Sasa linawekwa vifungo. Mchana, chakula kikiletwa, mkono wa fundi bado hulifuata, ukagusa vifungo, ukarudi kwenye kijiko.